Kikwembe cha Mama na Kitasa cha Shaba

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, hapa hapa Masisi, nilipopita mbele ya mlango wa bafu letu mara mbili, na mara zote mbili nikaona mlango tu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, seremala mwenye jina, na mlango ule niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Ningekuwa na akili ningeona zaidi ya mbao. Lakini mwanangu, mtu anayejipenda haoni mbali, na mimi siku zile nilijipenda sana.

Barua yako imenifikia kutoka Bweremana. Unasema nyumba yenu imefika kwenye milango, na kwamba bafuni unataka kitasa cha shaba ya njano, cha mtindo wa zamani, kama vile vya nyumba za wazungu wa mashamba. Na kwa kuwa mimi ni baba yako mkubwa, na nimezeekea kwenye randa na msumeno, unaniuliza uchague kipi na ukitunze vipi. Swali lako ni la mistari miwili. Jibu langu ni refu, univumilie, mzee anayeishi peke yake akipata wa kumsikiliza hamwachi upesi. Marehemu babu yako, ambaye ni mjomba wangu, alijua kwa nini siwezi kulijibu kwa ufupi, ila sidhani kama aliwahi kukusimulia. Alikuwa mtu wa kunifichia aibu zangu.

Nianzie Walikale, maana kosa langu lilianzia huko kabla sijalijua. Nilipelekwa huko misheni kujifunza useremala, nikakaa miaka mitatu chini ya fundi mmoja aliyeitwa Papa Anselemi, Mnyanga wa huko huko mwenye mikono mipana na maneno machache. Walikale ni msitu na joto. Unakaa tu bila kufanya kitu na jasho linakutoka. Mawese kule yanatikisika ndani ya chupa kama maji, na Papa Anselemi hakuachana na chupa yake wala na unyoya wa kuku uliokuwa ndani yake. Kila bawaba iliyolia, kila kitasa kilichokaza, alikigusa kwa unyoya ule na kikanyamaza. Nilimwona akifanya hivyo miaka mitatu, nikaamini mawese ni dawa ya kila chuma duniani. Sikumwuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, lakini mimi niliona kuuliza kutanifanya nionekane mjinga.

Nilipopanda kurudi Masisi, nilikuwa na sanduku la vyombo vya kazi na chupa kubwa ya mawese. Nilimkuta mama peke yake. Baba alifariki nikiwa masomoni, na ndugu zangu wote walikufa wangali wadogo, kwa hiyo duniani tulikuwa wawili, mimi na yeye, na shamba lake la maharage juu ya kilima. Nikamjengea nyumba ya mbao yenye mabati, na nyuma yake nikajenga bafu, nalo la mbao, nalo la mabati. Watu walipanda kutoka vilima vingine kuja kuitazama. Nilikuwa nikisimama mlangoni mikono nyuma kama chifu, nikiwaacha watazame.

Sasa nikueleze jinsi watu wa huku tulivyokuwa tukioga kabla ya milango, maana ninyi mmezaliwa mkakuta mambo mengine. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na uzio mdogo wa matete, usio na paa wala mlango. Mtu anayeingia kuoga alivua kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, na kukitundika juu ya uzio, upande wa njia. Kikwembe kikiwa juu, hakuna anayesogea. Lakini aliyepita njiani, awe jirani au mtoto anayetoka kisimani, alisema tu bila kugeuza shingo, “Uko?” Na aliye ndani alijibu, “Niko!” Basi, akaenda zake. Kama ni mzee ndiye aliye ndani, waliouliza walikuwa wengi zaidi. Na kama hakuna aliyejibu, hapo hakuna haya tena, mwanamke yeyote aliye karibu aliingia moja kwa moja. Hatukuwa na jina la desturi hiyo. Ilikuwa ni kuoga tu.

Mama alihamia bafu langu jipya na kikwembe chake kilekile. Kilikuwa cha bluu, chenye maua makubwa, kimepauka kwa jua na majivu ya kufulia. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa kuegesha tu, naye alikitundika juu yake kama alivyozoea.

Jumapili moja, baada ya misa, walikuja kunitembelea makarani wawili, vijana wa viatu vyeusi na kalamu mfukoni, watu niliotamani wanione mwenzao. Tulikuwa tumekaa uani tukiongea. Mmoja akatupa macho kule nyuma, akacheka.

“Kaka, leo iko sikukuu gani? Naona munapandisha bendera.”

Na mama, ambaye alisikia sauti tu asisikie maneno, akajibu kutoka ndani kwa nguvu zake zote, “Niko!”

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilicheka pia, mwanangu, na hilo mpaka leo silipendi nikilikumbuka. Lakini moyoni nilikuwa nawaka kwa aibu. Nilikiona kikwembe kile kwa macho yao, tambara lililopauka juu ya mlango wa fundi.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Alikuwa anabadilisha milango ya nyumba yake, na siku ya kumaliza aliniwekea mbele sanduku la vitasa vyake vya zamani, akaniambia nichague kimoja kiwe zawadi yangu. Nilichagua kwa muda mfupi sana. Kulikuwa na kitasa kimoja kizito, cheusi kwa uzee, kipana kama kiganja, kisicho na pambo lolote. Upande wake wa nje kilikuwa na mfereji mdogo, upana wa ncha ya kisu. Niliuona mfereji ule, nikadhani ni kasoro, nikakirudisha sandukuni. Kando yake palikuwa na kingine, chembamba, kinang'aa, kimechongwa ua usoni. Ndani kilikuwa na kipini kidogo cha kuzungusha. Nje hakikuwa na kitu, uso laini tu na lile ua. Nilikiona kizuri kuliko vyote kwa sababu kilikuwa hakina mfereji wala tundu. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na hiki hata shaba hakikuwa sawasawa, ilikuwa ngozi tu ya shaba juu ya chuma. Sikukipima mkononi. Macho yalikwisha kuamua.

Nikatengeneza mlango mpya wa mbao ngumu za Walikale, nikakitia kitasa changu, nikamwita mama.

“Mama, kuanzia leo usitundike tena ile tambara. Unaingia, unazungusha hii, njo basi.”

Mama akapitisha kidole juu ya lile ua.

“Iko muzuri. Inangaa sana. Sasa, muntu atajua namna gani kama niko ndani?”

“Mulango itakuwa ya kufunga.”

“Na kama siko ndani, mulango iko ya kufunga vilevile, juu ya mbuzi.”

Kweli, hata bila mtu ndani mlango ulikuwa unarudishwa ukabana kwenye fremu yake, mbuzi wa jirani wasiingie kula sabuni. Nikamwambia kwamba kwa wazungu hakuna mtu anayemwuliza mwenzake kama yuko bafuni.

“Maskini bazungu,” mama akasema. “Banaoga peke yabo kabisa.”

Hakunibishia tena. Kuanzia siku ile aliingia na kikwembe chake ndani, akakitundika kwenye msumari. Nilipopita njiani, sikuuliza kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kunikumbusha. Majirani nao wakaacha. Mama Feresi, jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke mwenye sauti ya kuvusha bonde, aliniambia siku moja kwamba nyumba yangu imekuwa bubu. Nilidhani ananionea wivu.

Kitasa nilikitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Kila Jumamosi nilikisugua kwa mchanga laini na majivu mpaka nikajiona usoni mwake. Nilikuwa nakwangua ile ngozi ya shaba kidogo kidogo bila kujua. Halafu nilichovya unyoya wa kuku kwenye chupa ya mawese na kukitilia ndani, si tone moja kama Papa Anselemi, bali mpaka yakatiririka. Mapenzi ya mjinga hayana kipimo.

Baada ya miezi kadhaa mama akaanza kulalamika, naye hakuwa mtu wa kulalamika. Kitasa alikiita serire.

“Serire yako iko nzito asubuhi.”

“Zungusha na nguvu, Mama.”

“Nguvu yangu njo hii. Jua ikipanda, inalegea. Asubuhi inakataa.”

Alikuwa amenipa habari yote iliyohitajika, mwanangu. Asubuhi kinakataa, mchana kinalegea. Fundi mwenye masikio angekaa chini akafikiri. Mimi nilikwenda nikaongeza mawese.

Basi ndiyo hiyo asubuhi ya mvua. Baridi ya Masisi unaijua, ile ya ukungu unaoshuka mpaka kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ndani ya nyumba usingesikia mtu anayekuita kando yako. Nilikwenda nyuma kuchukua randa kwenye banda la mbao, nikapita mbele ya mlango wa bafu, umefungwa. Nilirudi, nikala kiazi cha jana, nikajifunika gunia kichwani niende kazini. Nikapita tena. Safari hii chini ya mlango palikuwa na kitu kimetokeza, ncha ya nguo, imelowa, imeingia tope. Nikadhani ni tambara la kupangusia sakafu. Nikairuka nisichafue viatu.

Nilikwenda zangu. Sikuuliza mama yuko wapi. Nilifikiri ameshapanda shambani kuangalia kama mvua imebeba maharage. Nilifikiri, nilifikiri. Siku ile nilifikiri mengi.

Alasiri mvua ilizuia kazi, nikarudi mapema. Moto ulikuwa umezimika. Chungu cha maharage kilikuwa jikoni na maji yake ya baridi, maharage mabichi ndani. Nilipanda mpaka shambani nikiteleza, hakuna mtu. Nikashuka kwa Mama Feresi. Akaniambia alikuja asubuhi kuomba kaa la moto, akaita mlangoni pa nyumba, kimya, akaona bafu limefungwa na hakuna kikwembe, akarudi.

“Ningeona kikwembe, ningeuliza,” akasema. Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa tayari anajifunga nguo anifuate.

Tulikimbia. Ile ncha ya nguo ilikuwa bado pale chini ya mlango, mbuzi wameikanyaga. Niliinama, nikaifuta tope kwa kidole, nikaona ua la bluu. Mama alikuwa ameusukuma nje upindo wa kikwembe chake, kiasi kilichopita kwenye upenyo, apate kuonekana. Na mimi mwanawe nilikuwa nimeuruka.

Nikaweka mdomo kwenye mbao. Tangu nitie kitasa kile, hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema neno lile.

“Mama, uko?”

Ikaja sauti ndogo sana, ya chini kabisa, karibu na miguu yangu:

“Niko.”

Hakuweza kufungua. Alikuwa ameshindwa kuzungusha kipini asubuhi, akavuta kwa nguvu zote kama nilivyomfundisha, mkono wenye sabuni ukateleza, naye akaanguka na kuvunjika nyonga. Alilala nyuma ya mlango, kwa hiyo sikuweza kuupiga teke wala shoka. Upande wa nje hapakuwa na pa kushika, pale palikuwa na uso laini na ua, ua zuri sana. Nilikwenda kuleta patasi na nyundo. Nikaukata mlango wangu mwenyewe, kuzunguka kitasa, ubao mgumu wa Walikale, kidogo kidogo, vipande visimwangukie. Sijawahi kuchukia mbao ngumu kama siku ile. Kitasa kilipong'oka nikageuza uso, maana mtoto wa kiume hamtazami mama yake akiwa bila nguo, na Mama Feresi akaingia akamfunika. Nilisimama na mgongo kwenye mvua, nikimsikia mama akitetemeka meno.

Hakufa siku ile. Nakuambia mapema usije ukasoma kwa hofu. Lakini nyonga haikuunga vizuri, na kikohozi kilichomwingia hakikutoka. Baada ya wiki chache babu yako alifika na wanaume wanne na kipoyi, machela ya mianzi ya kumbebea mtu, kumchukua dada yake akakae kwake, ng'ambo ya kilima cha pili. Nilimwomba mama abaki. Nililia mbele ya wale wanaume, mimi fundi wa nyumba ya mabati.

“Sina hasira na weye, mutoto wangu,” akaniambia akiwa tayari amelazwa kwenye kipoyi. “Nyumba yako iko muzuri. Lakini kule kwa kaka bantu banapita, banauliza.”

Walimnyanyua wakaondoka. Kikwembe kile alijifunika nacho miguu. Niliwatazama mpaka kilima kikawaficha, halafu nikarudi ndani, nikasikia kwa mara ya kwanza jinsi nyumba ile ilivyokuwa kimya. Mwanangu, upweke wa kijana una kelele nyingi, lakini ule ulikuwa wa kukaa mezani na sahani moja na kusikia kijiko chako mwenyewe. Nilikaa nao majira mazima ya mvua.

Nilikuwa nimekitupa kile kitasa chini ya meza ya kazi. Siku moja nilikiokota, nikakifunga kwenye kitambaa, nikashuka nacho Walikale, mwendo wa siku nyingi kwa miguu na mara moja moja juu ya lori la mbao. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka Papa Anselemi aniambie kosa ni la kitasa.

Nilipomsimulia yote, alikifungua kwa bisibisi, akakilaza mezani. Ndani mlikuwa na mawese yaliyoganda, mekundu, mazito kama nta ya mshumaa, yamekamata ulimi wa chuma na springi yake. Lakini pale Walikale, kwenye joto, wakati tunatazama, yakaanza kulegea na kutiririka juu ya meza. Hapo nikaelewa maneno ya mama, kwamba asubuhi kinakataa na mchana kinalegea. Mafuta yanayokuwa maji msituni huganda kwenye baridi ya Masisi. Mtoto yeyote wa Masisi aliyewahi kuchota mawese kwa kijiko asubuhi analijua jambo hilo. Mimi mwenyewe nililijua jikoni. Sikulipeleka kwenye kitasa.

“Haukuniuliza,” Papa Anselemi akasema.

“Nilifikiri, Papa—”

“Na ile asubuhi, ulimuuliza mama yako kama iko?”

“Nilifikiri ameenda shamba.”

“Siko nakuuliza kama ulifikiri. Niko nakuuliza kama ulimuuliza.”

Nikainamisha kichwa. Yeye akaendelea kufuta mawese kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Kisha akaniambia kwamba kitasa cha bafu si cha kufungia mtu, ni cha kulinda haya yake, na aliye nje lazima awe na njia ya kuingia siku haya imekwisha. Akanieleza ule mfereji niliouita kasoro. Unaweka ncha ya kisu, unazungusha, ulimi unarudi. Akachukua penseli yake ya seremala nyuma ya sikio, akaikwangua kwa kisu, ule unga mweusi akaumwaga ndani ya kitasa, akazungusha. Kikageuka bila sauti. “Hii haigandi,” akasema. “Joto, baridi, iko ileile.” Akanipa ile penseli nikaondoka nayo.

Nilirudi mbio. Nikaenda kwa yule mzungu, nikaomba kile kitasa kizito cheusi, kikawa bado kiko sandukuni, hakuna aliyekitaka. Nikatengeneza mlango wa tatu. Nikakitia, nikajaribu ule mfereji kwa kisu mara mia. Nikapigilia msumari mkubwa upande wa nje, juu kabisa, mahali pa kutundika kikwembe. Kisha nikatuma neno ng'ambo ya kilima, mama arudi, mlango uko tayari. Akajibu kwamba amefurahi, atakuja kiangazi, njia zikikauka.

Kiangazi kilipofika aliyekuja ni babu yako, peke yake, na kikwembe cha bluu kimekunjwa chini ya kwapa. Kile kikohozi kilikuwa kimemaliza kazi yake. Majuto ni mjukuu, husema watu, huja kinyume. Wangu sikumngoja siku nyingi.

Sasa nikujibu swali lako, maana hukuniandikia ili nikulize.

Ukienda kuchagua, fumba macho kwanza, kipime mkononi. Shaba ya kweli ni nzito. Chukua na sumaku, ikikamata, ujue ndani ni chuma kimevishwa, na maji ya bafuni yatakivua hiyo nguo. Geuza nyuma, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, njano iendelee mpaka ndani. Skurubu nazo ziwe za shaba, za chuma zitaota kutu na kulia machozi mekundu kwenye mlango wako. Kipini cha ndani kiwe kikubwa, kiasi ambacho mkono wa bibi kizee wenye sabuni unaweza kukizungusha bila kupigana nacho. Na upande wa nje, mwanangu, kama hakuna mfereji, kirudishe hata kama kimechongwa maua ya peponi. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani jinsi mlango unavyofunguliwa kwa mfereji huo. Usiweke kisu cha kuufungulia mbali.

Usikisugue kwa mchanga. Shaba ikizeeka inakuwa nyeusi, mwache mzee azeeke. Ukipenda ing'ae siku ya sikukuu, ndimu kidogo na majivu laini, suuza, kausha papo hapo. Siku nyingine kitambaa kikavu baada ya kuoga kinatosha, hasa huko kwenu ziwani ambako unyevu haulali. Ndani usitie mawese wala mafuta ya kupikia ya aina yoyote, kwangua penseli. Kabla ya kila majira ya mvua kizungushe asubuhi na mapema, wakati wa baridi, maana mchana kila kitasa ni kitasa kizuri. Na mtu wa nyumbani akikuambia ni kizito, usimwambie atumie nguvu. Chini ya mlango acha upenyo wa vidole viwili. Sitakueleza kwa nini.

Hayo ndiyo ya kitasa. Lakini kitasa chema hakina mdomo. Mlango wako ukifungwa, usiuache ukusemee. Ukipita, uliza. Usifikiri, uliza. Watu wako wakikucheka kwamba una desturi za kilimani, waache wacheke. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi niliwahi kuwa mtumwa wa ua lililochongwa.

Mimi nipo tu. Nilioa, nikafiwa, watoto wako mbali, na nyumba imerudi kuwa ya sahani moja. Kitasa cheusi bado kinafanya kazi, mlango huu utanizika. Kila asubuhi kabla sijaoga natundika kikwembe cha mama kwenye ule msumari wa nje. Kimebaki uzi tu, ua moja ndilo linaloonekana bado. Mama Feresi alikwisha kufa siku nyingi, na njia ya kisimani ilihamishiwa chini kwenye barabara, hakuna anayepita hapa tena. Hata hivyo nikiwa nimejipaka sabuni nasema kwa sauti, “Niko!” Halafu nasikiliza kidogo kabla sijamwaga maji.

Mungu aibariki nyumba yako ya Bweremana, mwanangu, aikinge na maji ya ziwa na upepo wake. Akupe milango inayofungwa vizuri na kufunguka vizuri zaidi. Na uzee ukikufikia, siku nguvu zako ndizo hizo tu, akujalie mtu mmoja anayepita hapo nje, akuulize kama uko.